Niels Finsen: Tabibu Mgonjwa Aliyeupima Mwanga wa Jua

Saa sita mchana, askari aliyesimama katika uwanja wa gwaride wa Rubongi hukiona kivuli chake kimejikunja chini ya viatu vyake. Hapa Tororo hatuko mbali na mstari wa Ikweta, na jua hupita karibu na utosi mwaka mzima. Polisi anayeongoza malori ya mizigo katika mipaka ya Malaba na Busia naye hulibeba jua hilo mabegani tangu asubuhi hadi jioni. Sisi sote tumelizoea hata tumesahau kuuliza habari zake. Twajua kwamba lachosha, latoa jasho na kukausha koo; lakini ni wachache kati yetu wawezao kueleza ni kitu gani hasa ndani ya mwanga wake kinachoigusa ngozi ya mwanadamu, na kwa nini ngozi moja hustahimili na nyingine huungua.

Mtu aliyelitafutia swali hilo jibu katika mkono wake mwenyewe hakuzaliwa katika nchi ya jua kali. Alizaliwa katika visiwa vya mawingu na baridi, mahali ambapo wakati wa kusi jua huonekana kwa muda mrefu bila kuwa kali, na wakati wa majira ya giza huonekana kwa saa chache tu. Labda ndiyo maana alilithamini kuliko sisi tulionalo kila siku. Jina lake ni Niels Ryberg Finsen, na maisha yake yanafaa kusomwa na kila askari, kwa kuwa alipigana vita virefu na mwili wake mwenyewe wala hakuweka silaha chini mpaka siku ya kufa.

UTOTO NA MASOMO

Finsen alizaliwa tarehe 15 Desemba 1860 katika mji wa Tórshavn, visiwa vya Faroe, vilivyoko katika bahari ya kaskazini chini ya utawala wa Denmark. Baba yake, Hannes Finsen, alitoka katika ukoo wa Iceland, naye alishika cheo kikubwa cha utawala katika visiwa hivyo. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minne, akalelewa na mama wa kambo aliyekuwa jamaa wa marehemu.

Wale wanaodhani kwamba watu wakuu huonekana tangu wakiwa shuleni watashangaa kusikia habari za masomo yake. Alipopelekwa Denmark katika shule ya bweni ya Herlufsholm, hakufanya vizuri. Mkuu wa shule alimwona kuwa kijana mwenye moyo mwema lakini mwenye uwezo mdogo na bidii haba. Mwaka 1876 akahamishiwa shule ya Reykjavík, huko Iceland, ambako ilimlazimu kusoma katika lugha nyingine. Alipomaliza mwaka 1882 alikuwa wa 11 katika darasa la wanafunzi 15. Hakuna hata mmoja katika walimu wake ambaye angeweza kutabiri kwamba jina la kijana huyo lingetajwa katika hospitali za dunia nzima.

Mwaka huo huo wa 1882 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea utabibu, akahitimu mwaka 1890. Baada ya hapo alipewa kazi ya kutayarisha maiti kwa ajili ya mafunzo ya wanafunzi wa udaktari. Kazi hiyo huhitaji mkono mtulivu na jicho kali, nayo ilimzoeza kuamini kile alichokipima mwenyewe kuliko kile alichosimuliwa.

ADUI ALIYEKUWA NDANI

Alipokuwa bado mwanafunzi, maradhi yalimwingia. Ugonjwa wake ulikuwa wa polepole na usio na huruma: utando unaouzunguka moyo ulizidi kuwa mgumu, ini likaathirika, na maji yakajaa tumboni. Mara nyingi ilibidi madaktari wenzake wayatoe maji hayo kwa kumchoma tumbo. Nguvu zake zilipungua mwaka hadi mwaka, na mwishoni alikuwa mtu wa kusukumwa katika kiti chenye magurudumu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Finsen aliufanya ugonjwa wake kuwa somo. Alipima chakula chake, akapima maji aliyokunywa, akapunguza chumvi, akaandika hesabu yote kwa uangalifu kama karani wa ghala anavyoandika risasi zinazoingia na kutoka. Miongoni mwa maandishi yake ya mwisho, ya mwaka 1904, yamo yanayohusu jinsi chumvi inavyojikusanya mwilini. Na mgonjwa aliyechunguzwa katika maandishi hayo ni yeye mwenyewe.

Ugonjwa huo ndio uliomwelekeza kwenye jua. Chumba alichokaa kilielekea upande wa kaskazini, nacho hakikupata mwanga wa kutosha. Alikuwa na upungufu wa damu na uchovu wa daima, akahisi kwamba anapoota jua hupata nafuu. Je, ilikuwa ni dhana tu au kulikuwa na kitu cha kweli? Basi akaanza kuwatazama viumbe wengine. Siku moja alimwona paka amejilaza juu ya paa akiota jua. Kivuli kilipomkaribia, paka yule aliinuka akasogea, akajilaza tena penye mwanga. Kivuli kilipomfuata, akasogea tena. Wengi wetu tumemwona paka wa namna hiyo, tukapita. Finsen alijiuliza paka yule amejua nini ambacho vitabu vya utabibu havijakiandika.

MSTARI WA WINO MKONONI

Katika miaka ile wataalamu walikuwa wamekwisha kuelewa kwamba mwanga wa jua si kitu kimoja. Ukipita katika kioo cha pembe tatu hugawanyika katika rangi za upinde wa mvua, tangu nyekundu hadi urujuani; na ng'ambo ya urujuani iko mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo ilikuwa imegunduliwa tangu mwaka 1801. Leo twaiita mionzi ya urujuanimno. Mwaka 1889 tabibu wa macho wa Sweden, Erik Johan Widmark, alionyesha kwamba ngozi inayoungua juani haiunguzwi na joto, bali na mionzi hiyo isiyoonekana.

Jambo hilo lilieleza mafumbo mengi. Wasafiri wa nchi za barafu waliungua nyuso ingawa walitetemeka kwa baridi. Watu waliofanya kazi karibu na taa kali za umeme walibambuka ngozi bila kuguswa na moto wowote. Fundi wa karakana anayechomelea vyuma leo bila kujifunika anayajua maumivu hayo: jioni hujisikia salama, na usiku macho na shingo humwaka kama vilivyopakwa pilipili.

Finsen alitaka kujua zaidi. Je, rangi ya ngozi ina kazi gani? Alichukua wino mweusi mzito, akachora mstari juu ya mkono wake mweupe, kisha akauweka mkono huo juani kwa muda wa saa kadhaa. Alipouosha wino, aliona ngozi iliyokuwa chini yake imebaki nyeupe na salama kabisa, ilhali sehemu zote zilizokuwa wazi ziligeuka kuwa nyekundu na kuvimba. Baada ya siku chache wekundu ukatoweka, na sehemu zilizoungua zikawa na rangi ya hudhurungi.

Hapo hakuishia. Aliurudisha mkono ule ule juani, safari hii bila wino. Matokeo yaligeuka: ule mstari mweupe, uliokuwa salama mara ya kwanza, ndio uliochomwa ukawa mwekundu, na sehemu zilizokwisha kupata rangi hazikudhurika sana. Kwa jaribio hilo dogo, lisilohitaji chombo chochote cha thamani, Finsen alionyesha jambo kubwa. Rangi ya ngozi ni ngao. Mwili uliojeruhiwa na mwanga hujitengenezea wino wake wenyewe ili usijeruhiwe tena.

Ni vema askari mwenye ngozi nyeusi asimame kidogo mahali hapa. Wino ule ambao tabibu mzungu alilazimika kujipaka kwa brashi, sisi tumezaliwa nao. Ndani ya ngozi yetu ziko chembechembe ziitwazo melanini, nazo hujipanga juu ya kiini cha kila seli kama mwavuli. Vipimo vya karne ya 20 vilionyesha kwamba ngozi nyeusi huzuia mionzi inayounguza takriban mara nne zaidi ya ngozi nyeupe. Hiyo si habari ya uzuri wala ubaya wa rangi. Ni habari ya ulinzi.

MWANGA WAGEUZWA KUWA DAWA

Mwaka 1893 Finsen aliacha kazi yake ya chuo ili autumie muda wote katika utafiti wa mwanga, akajipatia riziki kwa kuwafundisha wanafunzi faraghani. Alikuwa ameoa mwaka uliotangulia, na uamuzi huo haukuwa mwepesi kwa mtu mgonjwa mwenye nyumba ya kutunza. Katika mwaka huo alichapisha maandishi juu ya athari za mwanga katika ngozi. Alipendekeza pia kwamba wagonjwa wa ndui walazwe katika vyumba vyenye mapazia mekundu, ili mionzi mikali isiyaharibu zaidi malengelenge na kuacha makovu. Pendekezo hilo lilimpa sifa, ingawa baadaye faida yake haikuthibitika. Ndui yenyewe ilikuja kushindwa kwa chanjo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua katika mji wa Merca, Somalia, mwaka 1977.

Kosa hilo halikumpotezea dira. Ikiwa mwanga una nguvu ya kudhuru kilicho hai, alifikiri, basi nguvu hiyo hiyo yaweza kuelekezwa kwa adui. Na adui alikuwapo. Kulikuwa na kifua kikuu cha ngozi, ambacho madaktari walikiita lupasi, maana yake mbwa mwitu kwa Kilatini, kwa sababu kiliutafuna uso wa mgonjwa: pua, midomo, mashavu na masikio. Wagonjwa walikatwa nyama, wakachomwa kwa dawa kali, na ugonjwa ukarudi. Wengi walijificha majumbani, wakafunika nyuso zao, wakakosa kazi na ndoa.

Mnamo Novemba 1895, katika kituo cha umeme cha Copenhagen, Finsen alianza kumtibu mhandisi mmoja aliyekuwa ameteswa na ugonjwa huo kwa miaka mingi. Alitumia taa kubwa ya umeme, akaukusanya mwanga wake kwa lenzi na kuupitisha katika maji ili kuondoa joto. Kila siku mgonjwa aliketi mbele ya taa, na sehemu ndogo ya uso wake ikaangazwa. Miezi michache baadaye, vidonda vilivyoshinda visu na dawa vilianza kupona.

Mwaka 1896 Taasisi ya Mwanga ya Finsen ilifunguliwa mjini Copenhagen kwa msaada wa matajiri wachache na wa serikali ya mji. Taa moja iliwahudumia wagonjwa kadhaa kwa wakati mmoja. Kando ya kila mgonjwa aliketi muuguzi, naye alikandamiza juu ya kidonda lenzi ya jiwe angavu iliyopitishwa maji baridi, ili damu isukumwe kando na mwanga upenye ndani. Kazi hiyo ilichukua saa moja au zaidi kwa siku, kwa eneo dogo kama sarafu, kwa miezi na pengine miaka. Ilikuwa kazi ya subira, mfano wa ulinzi wa usiku ambao hauna tukio lolote, lakini ambao hauruhusiwi kuachwa hata dakika moja.

Hadi mwaka 1901 wagonjwa zaidi ya 800 walikuwa wametibiwa, na sehemu kubwa yao walipona au kupata nafuu. Alexandra, aliyekuja kuwa Malkia wa Uingereza na ambaye alizaliwa Denmark, aliitunukia hospitali ya London taa ya namna hiyo mwaka 1900, na miji mingine ikafuata. Watu waliokuwa wamefunika nyuso zao kwa miaka walirudi kutembea barabarani.

HESHIMA NA KIFO

Mwaka 1903 Finsen alipewa Tuzo ya Nobel ya utabibu, akiwa daktari wa kwanza wa Denmark kuipata. Hakuweza kusafiri kwenda Stockholm kuipokea. Sehemu ya fedha za tuzo hiyo aliitoa kwa ajili ya taasisi yake na kwa ajili ya hospitali ya wagonjwa wa moyo na ini, yaani wagonjwa wa aina yake. Aliendelea kufanya kazi akiwa kitini na kitandani. Tarehe 24 Septemba 1904 alifariki mjini Copenhagen, umri wake ukiwa miaka 43.

Taa zake zilitumika kwa miongo kadhaa baada yake, mpaka dawa za kuua vijidudu vya kifua kikuu zilipopatikana katika miaka ya 1940 na 1950. Leo mgonjwa wa lupasi hunywa vidonge. Hata hivyo, tiba ya mwanga haijafa: madaktari wa ngozi hutumia mionzi iliyopimwa kutibu baadhi ya magonjwa, na watoto wachanga wenye manjano hulazwa chini ya taa za buluu katika hospitali nyingi. Yote hayo ni matawi ya mti alioupanda mtu ambaye mkuu wa shule alimhesabu kuwa na uwezo mdogo.

UPANGA WENYE MAKALI MAWILI

Ingekuwa kosa kumkumbuka Finsen kwa upande mmoja tu. Baada ya kifo chake watu wengi wa Ulaya walishika nusu ya somo, wakakimbilia kuota jua bila kipimo wakidhani kwamba kila mwanga ni dawa. Walisahau mstari wa wino. Mwaka 1894, Finsen akiwa bado hai, daktari wa Ujerumani Paul Unna alikuwa amekwisha kueleza jinsi ngozi za mabaharia zinavyokauka, kukunjamana na kuota saratani kwa kukaa juani maisha yao yote. Mwaka 1928 mtafiti G. M. Findlay alionyesha kwa panya kwamba mionzi ya urujuanimno huweza kuleta saratani ya ngozi. Mwanga uponyao ndio mwanga uuao. Kinachotofautisha ni kipimo.

Ngozi nayo hailindwi kwa nje peke yake. Huhitaji chakula cha ndani. Mwaka 1913 watafiti wa Marekani, Elmer McCollum na Marguerite Davis, walikitambua katika mafuta ya siagi na kiini cha yai kitu ambacho baadaye kiliitwa vitamini A. Jina lake jingine ni retinoli. Uganda ina sehemu katika historia ya jambo hilo. Mwaka 1933 Daktari Loewenthal, aliyefanya kazi nchini humu, aliandika habari za wafungwa waliokosa vitamini A katika posho yao. Walikuwa hawaoni wakati wa magharibi, na ngozi zao zilikuwa kavu, zenye vipele vigumu kama ganda la fenesi. Walipopewa mafuta ya ini la samaki walipata nafuu. Mkuu wa jiko la kambi anayeweka katika sahani ya askari mboga za majani, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai na maini analinda macho ya mlinzi wa usiku na ngozi yake pia.

Siku hizi retinoli hiyo hutiwa katika krimu zinazouzwa madukani kwa ajili ya chunusi na makunyanzi. Dawa za jamii hiyo ni za kweli, na madaktari wamezitumia dhidi ya chunusi tangu miaka ya 1970. Lakini anayezitumia sharti ajue tabia yake. Huharakisha ngozi ya juu kubambuka, na ngozi changa inayobaki huumizwa na jua upesi zaidi. Kwa hiyo hupakwa usiku, kwa kiasi kidogo, na mchana ngozi hufunikwa au kupakwa mafuta ya kukinga jua. Mama mja mzito asizitumie. Tena anunue kwa mfamasia, si kwa mchuuzi asiyeweza kusema ndani ya chupa mna nini.

WANAOUFUTA WINO NA WALIOZALIWA BILA WINO

Hapa ndipo mstari wa wino unapofika mpaka nyumbani kwetu. Katika masoko ya mipakani hupatikana krimu na sabuni za kuchubua ngozi, nyingine zikiwa na zebaki au hidrokwinoni. Uganda na Kenya zimezipiga marufuku, na askari wa mipakani hukamata shehena zake. Basi ni aibu iliyoje bidhaa hiyo hiyo ikionekana juu ya meza ya mkewe au ya kwake mwenyewe! Anayejichubua afanya kinyume cha jaribio la Finsen: aifuta ngao aliyozaliwa nayo, kisha aenda kusimama juani. Zebaki nayo haibaki juu ya ngozi. Huingia mwilini na kuharibu figo.

Wako na wengine ambao hawakuufuta wino huo, bali hawakupewa kabisa. Hao ni ndugu zetu wenye ualbino. Nchini Tanzania watafiti walikadiria kwamba mtu 1 katika kila 1,400 amezaliwa hivyo, na mabibi na mabwana hao wako pia katika vijiji vya Tororo na Busia, na katika nyumba za kambi. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba ngozi zao huanza kuharibiwa na jua tangu utoto, na kwamba wengi hufa kwa saratani wakiwa bado vijana. Kazi ya polisi kuwalinda dhidi ya wauaji wenye imani za kishirikina yafahamika. Lakini jua huua kimya, halipigi kelele wala halikimbii, na dhidi yake hakuna kesi iwezayo kufunguliwa.

Ulinzi upo nao si wa siri. Kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Shati la mikono mirefu. Suruali au sketi ndefu. Kiti cha darasani kilicho mbali na dirisha lenye jua. Kazi za shamba zifanywe asubuhi na mapema au jioni. Na mafuta ya kukinga jua yenye namba ya kinga 30 au zaidi, yapakwe upya kila baada ya saa mbili. Mjini Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, na huko yametengenezwa mafuta maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kidonda kisichopona usoni, sikioni au mkononi kipelekwe hospitali mara moja, kwa kuwa saratani hiyo ikikatwa mapema hupona.

Na sisi wenye ngao tusijivune kupita kiasi. Ngao hupunguza mapigo; haiyazuii yote. Macho hayana melanini ya kutosha kuyakinga, na mtu akaaye juani miaka mingi huweza kuota nyama juu ya mboni au kupata mtoto wa jicho. Mawingu hayazuii mionzi yote, na ubaridi wa upepo si dalili ya usalama. Kanuni rahisi isiyohitaji chombo ni hii: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko kimo chako, mionzi ni mikali. Wakati huo mwenye nafasi ya kukaa kivulini na akae, na mwenye lindo la kushika ashushe mikono ya shati na kuvaa kofia yake sawasawa.

Finsen alikufa kabla hajazeeka, akiwa hajawahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Lakini mstari mweusi aliouchora juu ya mkono wake unatuhusu sisi kuliko watu wengi. Umetuonyesha kwamba rangi yetu ni zana ya ulinzi tuliyokabidhiwa bila kutia sahihi, na zana hailetwi kwa mtunza ghala ikiwa imekwanguliwa. Umetuonyesha pia kwamba mtoto aliyezaliwa bila zana hiyo hana kosa, wala hana mkosi. Amepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho chaweza kujazwa kwa kofia, kwa shati na kwa mkono wa mzazi. Kesho, gwaride litakapokwisha na kila mmoja kurudi kwake, na amtazame mtoto wa jirani anayecheza uani bila kofia. Saa hiyo kivuli cha mtoto kitakuwa kifupi.